Santuri ya Wazee Kwenye Veranda ya Mafundi

Shangazi yangu alikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu ambaye hakuwa anatoa maziwa mpaka atukanwe. Hii si hadithi, nasema vile niliona. Unamfunga, unamwosha matiti na maji ya moto, unakaa kwa kigoda, unakamua, hakuna kitu. Halafu shangazi anaanza: "Wewe mvivu, wewe mwizi wa majani! Hata mama yako alikuwa hivyo hivyo, anakula kama ameandikwa kazi!" Hapo maziwa yanateremka mpaka ndoo inaimba. Siku moja shangazi aliumwa na koo, sauti ikapotea kabisa, baba yangu akaenda kukamua badala yake. Baba alikuwa mtu mpole, mtu wa kuongea kama anaomba ruhusa. Nilimsikia mle ndani akisema, "Wewe ng'ombe... wewe si mzuri sana." Ng'ombe akageuza kichwa akamtazama. Siku hiyo tulikunywa strungi, chai isiyoona maziwa.

Shangazi hakuwa anatukana ng'ombe peke yake. Alitutukana sisi wote, na mimi nikiwa wa kwanza, kwa sababu nilipewa mbuzi wa kuchunga na mimi nilikuwa mtu wa usingizi. Mbuzi walipomaliza maharagwe ya jirani, shangazi alimwambia baba, "Huyu kichwa hakuna, lakini mikono iko. Wacha nimpeleke mahali mikono inakula." Kusoma nilikuwa nimeacha, ama niseme kusoma kuliniacha mimi. Naandika vile mnaona hapa, neno moja moja, kama mtu anapanda viazi. Basi akanipeleka Nyeri kwa lori ya maziwa, akanikabidhi kwa fundi wa nguo, akamwambia mbele yangu, "Akilala, mwamshe na rula." Nikawa fundi kwa njia hiyo. Mfuko wa kwanza nilioushona, mwenye suruali aliweka funguo zake ndani, zikapita moja kwa moja mpaka kwa kiatu.

Uhuru ukaja, wazungu wa upande wa Mweiga wakauza mashamba, watu wakaanza kutaka suruali za kwenda ofisini. Rula ikaacha kunitafuta. Nikapata mahali pangu mwenyewe, kwa veranda moja karibu na steji ya magari ya Nanyuki. Tulikuwa mafundi watatu pale, cherehani zetu kwa mstari, tunatazama barabara. Mimi nilikuwa katikati. Kushoto kwangu alikaa fundi mmoja wa kutoka Othaya, mzee wa kanisa, mkubwa wa mwili na mkubwa wa sauti. Kwa suruali hakuna mtu mjini aliyemfikia. Kulia alikaa mama wa kushona sare za shule. Huyo mama akikujibu, unatafuta mahali pa kuketi.

Nyuma yetu kulikuwa na duka la santuri. Mwenye duka alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Nyeri hapa hapa. Babu yake alikuja na msafara, ama na jeshi, ama na reli. Hadithi ilikuwa inabadilika kulingana na msikilizaji. Alituchekea Kiswahili chetu kila siku iliyoumbwa. Ukimwambia "kitabu yangu" anashika kichwa kama umemkanyaga kidole. Lakini alikuwa na njia yake ya kufanya kazi ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Santuri mpya ikifika, hakuuliza mtu maoni. Aliiweka kwa gramafoni pale kaunta, spika ikitazama migongo yetu, halafu anainama kidogo kama mtu aliyeangusha kitu, anasikiliza cherehani. Wimbo ukiwa mzuri, miguu yetu inaufuata bila sisi kujua, na cherehani tatu zinalia kama moja. Ukiwa mbaya, kila mtu anakanyaga safari yake.

"Midomo yenu imefunzwa adabu na mama zenu," alikuwa akituambia. "Miguu haikufunzwa na mtu."

Kwa hiyo miguu ndiyo iliyomwambia aagize santuri gani kutoka Nairobi, na hakuwa anakosea. Namkumbuka akikosea mara moja tu, na siku hiyo fundi wa Othaya alikuwa na jipu kwa goti.

Sasa nifike kwa mzee wa gitaa.

Huyu alikuwa mtu wa Mweiga, mtu wa viazi na ng'ombe wa maziwa. Ujana wake alichukuliwa akaenda ile vita ya wazungu, ng'ambo huko Burma, na huko akakutana na wanajeshi weusi wa Amerika waliokuwa wakitengeneza barabara. Wao ndio walimfundisha gitaa. Alirudi nalo. Akapigia wazungu kwa hoteli yao, baadaye ikaja ile miaka ya taabu, ya kupigania uhuru, na gitaa likakaa juu ya dari likila moshi. Wengi wetu tulikuwa tumesahau kama aliwahi kushika kitu isipokuwa jembe. Kumbe alipozeeka, yeye na wazee wenzake wawili, mmoja wa ngoma na mmoja wa kupiga gitaa la sauti nene, walianza kukutana kwa ghala la viazi. Wakapiga mpaka wakaiva, wakaenda Nairobi, wakatoa santuri. Si ile sahani ndogo tuliyozoea, ya wimbo mmoja huku na mmoja huku. Sahani kubwa kama sinia! Upande mmoja ni nyimbo za taratibu, yeye alikuwa akiziita bluzi. Upande wa pili ni roki ya zamani, ile ya kurusha miguu, ambayo vijana wa siku hizo walikuwa wameiacha wakifuata muziki wa Kongo.

Nilimuuliza hiyo bluzi ni nini. Akaniambia, "Ni wimbo ya mtu ako na shida na bado anaenda shamba."

Wale wenzake wawili walikuwa wamefika Nanyuki tayari. Baa moja huko karibu na kambi ya askari ilikuwa imewaahidi kazi, na bila mpiga gitaa hakuna kazi. Walikuwa wanamngoja. Yeye akakataa kwenda mpaka kwanza asikie watu wa nyumbani wanasema nini juu ya hiyo santuri, ndio akaileta pale dukani.

"Wazungu walikuwa wananipigia makofi," alimwambia mwenye duka, kofia iko mikononi. "Mpaka leo sijui kama walikuwa wanafurahi ama walikuwa wananicheka. Sitaki kuenda kuzeeka mbele ya watu hivyo. Watu ya hapa wakicheka, nitajua. Wakicheka, hii gitaa naacha, narudi kwa viazi."

Fundi wa Othaya alisikia hilo neno akasimamisha cherehani. Kanisa lao lilikuwa limeruhusu kwaya ya vijana kuwa na gitaa, na gitaa hawakuwa nalo.

"Mzee wetu," akasema kwa sauti ya Jumapili, "ukiacha, usiache kwa njia. Lete kwetu. Hiyo gitaa imetembea kwa baa sana. Iko na haki ya kuokoka."

"Na wewe ndiye utakuwa mmoja wa kuamua kama santuri ni mzuri?" yule mama akamuuliza.

"Mimi ni mtu wa haki."

"Ii. Fisi pia ni mtu wa haki, ukimuuliza juu ya mbuzi."

Mzee akakaa kwa benchi ya mlangoni, gitaa liko ndani ya gunia la sukari katikati ya magoti. Alikuwa amevaa koti refu la baridi lililonuka maziwa. Mwenye duka akaipangusa ile santuri na mkono wa kanzu, akaiweka, akainama kama kawaida yake.

Jamani. Kilichotoka pale sijui nikieleze vipi. Gitaa lililia kama kuku wanakimbizana juu ya mabati. Ngoma ilikuwa kama mvua ya mawe. Halafu sauti ya mzee ikaingia, nyembamba, ya haraka, kama mwana-mbuzi amebanwa na mlango. Miguu yetu ilijaribu. Mimi uzi wangu ulikatika. Mtu wa mkokoteni aliyekuwa akipita na kabeji aliachilia mkokoteni akacheka mpaka akashika nguzo.

"Haiya!" mama wa sare akasema. "Huyu ni mtoto wa nani? Apewe titi."

"Hii mlipigia wapi?" fundi wa Othaya akauliza. "Mlikuwa mmekalia moto?"

Kulikuwa na kijana mmoja pale, akingoja suruali yake kwa huyo fundi, ile mitindo ya miguu mipana inayofagia barabara. Akamwambia mzee, "Guka, babu yetu, hata tukitaka kucheza, hii mguu itatoka wapi ya kukimbia hivyo?"

Nikamtazama mzee. Yeye hakuwa na gramafoni nyumbani, na kule Nairobi alisikilizishwa mara moja tu, watu wakiongea juu yake. Hakuwa na cha kulinganisha. Alikuwa anasikiliza ile sauti ya mwana-mbuzi vile mtu anajitazama kwa kioo cha mtu mwingine.

"Kumbe ndivyo niko," akasema polepole. "Mimi nilidhani niko na sauti."

Kicheko kilipungua, hata yule wa mkokoteni akajifanya anatengeneza kabeji zake. Mzee akainuka, santuri bado inalia, akatoa gitaa kwa gunia akampelekea fundi wa Othaya pale kwa cherehani.

"Shika. Peleka kanisani."

Fundi alilipokea na mikono miwili. Nitasema ukweli, furaha yake ilionekana mpaka shingoni. Akalipakata, akatafuta pa kuweka vidole, akavuta nyuzi. Likatoa mlio wa mlango wa choo. Akavuta tena. Mzee alijaribu kuvumilia, macho yake yakawa ya mtu anayetazama mtoto wake akibebwa kichwa chini.

"Hapana, hapana. Si hivyo. Lete hapa kidogo nikuonyeshe pa kushika, ndio usiniharibie jina."

Akalichukua akiwa amesimama, mguu mmoja juu ya benchi, akaanza kupiga ule wimbo wenyewe uliokuwa ukilia ndani. Alitaka tu kumwonyesha fundi vidole. Lakini gitaa la mkononi na gitaa la spika vilikataana kabisa. La mkononi lilikuwa chini, linatembea. La spika lilikuwa juu, linakimbia. Mzee akasimama. Akasikiliza. Akapiga tena uzi mmoja peke yake.

"Ngoja," akasema. "Ngoja. Huyo anaimba juu sana. Mimi sijawahi kufika hapo hata nikiwa kijana. Huyo si mimi!"

Mwenye duka akainua kichwa. Akatazama gramafoni. Akajipiga paji la uso.

"Lahaula! Ule uzi!"

Mambo yalikuwa hivi. Ile gramafoni ilikuwa na kijiti cha kusukuma, cha kuchagua mwendo: sahani ndogo huzunguka haraka, sahani kubwa huzunguka polepole. Kijiti kililegea zamani, kikawa kinateleza katikati ya wimbo, na kwa kuwa sisi wa mlimani tulinunua sahani ndogo tu, mwenye duka alimwomba mama wa sare akifunge pale pa haraka na uzi wa vifungo. Mama akafunga fundo la mshona sare, ambalo mtoto anaweza kupanda nalo mti na lisikatike. Na sote tukasahau kama kijiti kiliwahi kuwa na mahali pengine pa kwenda. Kama gari limekaa gia moja miaka mingi mpaka dereva anadhani ndiyo pekee.

"Mkasi!" mwenye duka akasema.

"Fundo langu unakata?" mama akasema, lakini mkasi akampa.

Akaanza upya.

Sasa ikatoka kitu kingine. Gitaa likaja taratibu, zito, kama mtu anateremka mlima na mzigo, anajua atafika. Ngoma ikawa inamsindikiza nyuma. Na sauti ya mzee ikatoka chini kabisa, ya kukwaruza, ya moshi, ikasema hivi:

*Viazi imeoza kwa shamba, mvua imekataa kuisha.*
*Nasema viazi imeoza kwa shamba, mvua imekataa kuisha.*
*Nikaenda kujificha kwa baa, hata huko paa inavuja.*

Hakuna aliyecheka. Halafu wote wakaanza kuongea pamoja, kama mvua imeachiliwa.

"Lakini kwa nini anasema mara mbili?" yule wa mkokoteni akauliza. "Kwani hatukusikia?"

"Wewe ukiambiwa mara moja unasikia?" mama akamjibu. "Mke wako aniambie."

"Mara ya kwanza unaambia watu," mzee akasema kutoka benchi. "Mara ya pili ni yako mwenyewe."

Mama mmoja wa kutoka Chaka, aliyekuwa akingoja gari na kikapu cha vitunguu, akasogea mpaka mlangoni. "Mimi huyu nimemwelewa," akasema. "Hiyo mvua naijua. Ilipita kwetu kwanza ndio ikaenda kwake. Lakini mbona hasemi kama alipanda tena?"

"Itakuja wimbo wa nne," mzee akasema.

"Basi nitangoja wimbo wa nne. Gari likienda, liende."

Kijana wa suruali pana akasema ni ya wazee, ni polepole mno, atalala akiwa amesimama. Mwenye duka akageuza upande wa pili, ule wa roki, na kijana akasema, "Aa, hii sawa," huku mabega yameanza kabla yake. Yule wa mkokoteni akasema hapana, rudisha ile ya mvua. Mama wa Chaka akasema wewe acha kutusumbua, wimbo wa nne bado haujalia. Wakarudishiwa upande wa kwanza. Mimi mwenyewe maoni yangu sikuombwa na sikutoa, lakini nitayatoa sasa: ule wa roki ulinifurahisha, ule wa taratibu ulinifanya nitake kwenda nyumbani kumwona baba.

Fundi wa Othaya peke yake ndiye aliyekaa na uso wa kikao cha kanisa. Mzee alikuwa amemrudishia gitaa, likaegemea cherehani yake, na ahadi ni ahadi.

"Mimi nitasema ukweli," akasema, akishona, hata hatazami. "Hii nyimbo haina kitu. Haikuinui. Haikushushi. Mtu amekaa tu analalamika na viazi. Miguu yangu haijasikia kitu. Mzee asidanganywe na watu ya sokoni, arudi nyumbani apumzike, na gitaa iende mahali itafanya kazi."

Mwenye duka alikuwa ameinama mle ndani, na nikaona mabega yake yanatingishika.

"Fundi," mama wa sare akasema kwa upole wa kutisha. "Unashona nini?"

"Pindo."

"Pindo ya wapi?"

Fundi akatazama chini. Alikuwa ameanzia pindo la mguu wa ile suruali ya kijana, wimbo ukamshika, mguu wake ukaenda nao, naye akaenda na mguu, akazunguka pindo, akapita, akashona mdomo wa suruali wenyewe, mpana kama ulivyokuwa, mstari mmoja ulionyooka kama rula kutoka huku mpaka huku. Kazi safi kabisa. Mguu wa suruali ulikuwa umefungwa kama gunia la unga.

"Ngai!" kijana akalia. "Sasa mguu yangu itatokea wapi?"

Sikumbuki kicheko kama kile kwa veranda ile. Mama wa Chaka aliketi chini na vitunguu vyake. Mwenye duka alitoka nje akishikilia fremu ya mlango, machozi yakimtoka. "Haijasikia kitu!" akasema. "Miguu yake haijasikia kitu! Mimi naagiza katoni leo hii hii!"

"Ni mashine imeteleza," fundi akasema.

"Imeteleza na ngoma?" mama akamuuliza. "Iko na masikio?"

"Wimbo mzuri hauharibu kazi ya mtu!"

"Mbaya ndio haungekuharibia!"

Hapo ubishi ukashika moto kweli kweli. Yule wa mkokoteni alisema wimbo wa kuharibu suruali unafaa kupigwa saa za chakula tu. Kijana alitaka suruali ifumuliwe, lakini pia alitaka upande wa roki urudiwe wakati inafumuliwa. Mama wa Chaka aliwanyamazisha wote kwa sababu wimbo wa nne ulikuwa umeanza, na ulipofika kwa kupanda tena alisema, "Nilijua," akawatazama watu kama ni yeye aliyeutunga. Wengine wakasema wa nne unashinda wa kwanza, wengine wakasema hauufikii hata kwa magoti. Na katika ubishi wote huo hakuna mtu hata mmoja aliyemgeukia mzee kumwambia hongera. Walikuwa wanagombania ule muziki kama mpaka wa shamba, kama kitu chao.

Mimi niliyekaa katikati ndiye niliyemwona. Alisikiliza kidogo, kichwa kimeinama upande. Halafu akavaa kofia. Akapita nyuma ya mgongo wangu, akafika kwa cherehani ya fundi wa Othaya, akachukua gitaa lake kimya kimya kama mtu anayechukua mtoto aliyelala kwa jirani. Gunia hakulichukua. Tukatazamana.

"Hawa hawatanyamaza leo," akaniambia.

"Hata kesho," nikasema.

Akatikisa kichwa, akashuka ngazi ya veranda, akavuka barabara. Gitaa lilikuwa begani bila kitu cha kulifunika, watu wanaligeukia. Upande wa kushoto kulikuwa na magari ya Mweiga, makanga wakiita. Akayapita. Fundi wa Othaya ndipo alipoona nafasi tupu kando ya cherehani yake, akasimama na suruali iliyofungwa mkononi, akaita kwa ile sauti yake kubwa, "Mzee! Wee mzee! Na kanisa je?"

Hakugeuka. Aliingia kwa gari la Nanyuki, gitaa kwanza halafu yeye, na mpaka leo hajarudi.